Muulize Kwanza Alizikwaje

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kiti. Nilipewa kitambaa cha kupangusia vumbi na droo sita za kadi. Mzee mmoja mwenye asili ya visiwa vya kaskazini, cheo chake Karani wa Mirathi, aliniamuru nipanguse kila kadi mbele na nyuma, na kila jina nilisome kwa sauti naye asikie. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mtoto wa Malindi, chuo cha Kurani nimekwisha, skuli nimekwisha, na taipu naijua. Nikanuna. Nikajiambia, hivi serikali imeniajiri niwe mfagizi?

"Umenuna, Bi. Mariamu?" akaniuliza.

"Sikununa, shekhe."

"Umenuna, mdomo umefika mezani. Nuna, lakini soma."

Nikasoma siku nne. Siku ya tano akaniletea kiti.

Nayaandika haya kwa hasira, wala sitaki mtu aniambie nipoe. Juzi jirani yangu alikwenda ofisi moja kutafuta karatasi za marehemu nduguye. Kijana aliyekuwa mezani hakunyanyua hata macho kwenye simu yake. "Faili imepotea, mama," akamwambia. Imepotea! Faili ina miguu? Ilikwenda sokoni ikasahau njia ya kurudi? Nimefanya kazi ya masjala miaka thelathini na ushei, na sijapata kuona faili iliyopotea. Nimeona iliyopotezwa, na nimeona isiyotafutwa. Nayasema haya kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wasiotafuta, na kuna mtu alilipia.

Basi nyinyi mlioajiriwa jana, someni. Miaka ile ya themanini hatukuwa na kompyuta. Mtu akifa akaacha shamba au nyumba, wenyewe walikuja kuomba hati ya usimamizi wa mirathi, yaani karatasi inayompa mmoja wao idhini ya kukusanya mali ya marehemu na kuigawa. Ombi likifunguliwa lilipewa nambari, likaandikwa katika rejista, yaani lile daftari kubwa la mwaka, na jina la marehemu likaandikwa kwenye kadi. Kadi zile zikipangwa kwa herufi ndizo zilizoitwa faharasa. Faharasa hukupa nambari, nambari hukupeleka kwenye rejista, na rejista hukupeleka kwenye rafu. Hakuna uchawi hapo.

Tabu ya pwani yetu ni kwamba milango ya mirathi ilikuwa zaidi ya mmoja. Mwislamu alikwenda kwa Kadhi. Asiyekuwa Mwislamu alikwenda kwa Hakimu. Na kwa watu wa zamani, wa kabla ya uhuru, kulikuwa na vitabu vya mamudiri, wale watawala wadogo wa miji ya pwani, vingi vimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo ukibisha mlango usiokuwa wake, utaambiwa hakuna, nawe utaondoka ukiamini hakuna. Yule Karani wa Mirathi alinifundisha dawa yake siku moja alipomsikia mteja akinitajia jina nami nikikimbilia droo.

"We! Unakwenda wapi?"

"Kutafuta kadi, shekhe."

"Kadi ya nani? Jina si mtu. Huku kwetu mtu ana jina la kuzaliwa, ana jina la kazini, akisilimu ana jina jingine, akibatizwa ana jingine tena. Usianze na jina. Muulize kwanza alizikwaje."

Nilidhani mzee ananichezea. Lakini akamuuliza yule mteja mwenyewe: alizikwa na nani, kwa sanda au kwa sanduku, wapi, nani aliyesoma dua. Alipokwisha jibiwa, tulikuwa tumejua mlango, tumejua jina la pili, na kadi ikapatikana kabla ya adhana ya adhuhuri. Miaka mitatu nilikaa chini ya mzee yule, na kila siku nilimsikia akiuliza swali lile. Kumbukeni kwamba nilifundishwa. Msije mkaniombea udhuru kwamba sikujua.

Baada ya hapo nikahamishiwa kituo cha pili. Jina lake sitalitaja; kilikuwa hapa hapa pwani, baina ya Kilifi na Marereni, na hilo lawatosha. Aliyekuwa akikitawala alikuwa Karani Mkuu, mtu wa suti ya Kaunda na kalamu tatu mfukoni, zote zimekauka wino. Shikamoo yako hakuitikia kwa mdomo, aliitikia kwa nyusi. Na kila aliyekuja dirishani alimpa jibu moja: "Rudi Jumatatu." Ukija Jumatatu, ulirudishwa Jumatatu nyingine.

Siku niliporipoti nilimuuliza faharasa ya vitabu vya zamani iko wapi.

"Vya zamani gani?"

"Vya mudiri, bwana. Nimesikia ofisi yake ilipofungwa vililetwa hapa."

"Aa, yale madude ya Waarabu! Yako chini ya ngazi. Hakuna anayeyasoma hapa, na wewe usiniletee vumbi."

Nilikwenda kuvitazama. Vilikuwa vitabu vitano vinene, ngozi imebanduka, vimerundikwa kwenye kikorido chini ya ngazi. Nikafungua kimoja nikasoma bila ya shida, maana herufi zile nilizisoma chuoni tangu nina miaka sita. Katika ofisi nzima hapakuwa na mwingine awezaye. Je, nilisema? Sikusema. Nilipiga hesabu ya mvivu: nikisema najua, nitapewa kazi ya vitabu vitano juu ya kazi yangu, na cheo ni kile kile. Nikafunga kitabu, nikanawa mikono.

Kikorido kile ndipo tulipochemshia chai. Mvua za masika zilikuwa zikiingia sakafuni, na jiko letu la mafuta ya taa likiloa tambi kila mara. Nikaona niliinue. Nikavipanga vile vitabu vitano kimoja juu ya kingine, nikaweka kipande cha bati juu, na juu ya bati nikaweka jiko. Likakaa imara! Nikasifiwa ofisi nzima kwa akili zangu. Kwa miaka minne chai ya kituo kile ilichemkia pale, na mimi ndiye niliyekuwa nikiitia tangawizi.

Sasa nawaeleza habari ya Bi. Kadzo.

Alikuja asubuhi moja, mama wa Kigiriama wa makamo, leso mbili na miguu imejaa vumbi jeupe. Alikuwa amepata lifti ya lori la chumvi kutoka upande wa Gongoni. Mumewe, Charo, alifanya kazi kwenye mabwawa ya chumvi mpaka homa ikamchukua mwaka mmoja nyuma. Alimwachia nyumba ya makuti, minazi, mikorosho na shamba, na kaburi lake likawa pale pale uani. Sasa shemeji yake, Kahindi, ndugu pekee wa marehemu, amekuja kumwambia afungashe.

"Anasema shamba lote ni la baba yao na halikugawanywa," akaniambia. "Anasema amekwenda kwa serikali aandikwe yeye, maana ndiye mtoto aliyebaki. Na mimi najua liligawanywa. Mume wangu aliniambia: baba yetu alipokufa, mkubwa mmoja wa serikali alituita na wazee, akaandika kitabuni. Upande wa bahari wake, upande wa barabara wa Kahindi. Wakapanda minyaa katikati iwe mpaka. Minyaa yenyewe ipo, inanipita kimo! Nataka hiyo karatasi, mwanangu. Huo ndio mudzi wangu, ndiko kwangu, sina mudzi mwingine."

"Mkweo jina lake nani, mama?"

"Katana."

Nikaenda kwenye droo ya K. Nikatazama Katana wote, wa juu mpaka wa chini. Hakuwamo wa kwake. Nikarudi. "Hakuna, mama."

Basi. Sikuuliza alizikwaje. Swali nililolisikia miaka mitatu kila siku ya Mungu, siku ile halikunijia kinywani. Nilikuwa nimeshaambukizwa. Ukikaa na mwenye chongo, nawe vunja lako jicho, ndivyo wasemavyo wakubwa, na mimi nilivunja yote mawili.

Lakini nilimwonea imani, alikuwa amechoka. Nikamkalisha kwenye benchi nikamletea chai. Akanywa kikombe, nikamwongeza cha pili. Akaniombea kheri mimi na watoto nitakaowazaa.

Ubaoni nje ya dirisha palikuwa na tangazo. Kahindi kweli alikuwa ameomba hati ya usimamizi wa mirathi ya babake. Sheria mpya ya urithi ilikuwa na miaka michache tu tangu ianze kutumika, nayo ilisema hivi: ombi likishatangazwa, mwenye dai apewa siku thelathini aweke pingamizi, yaani aandike kwamba hakubali na kwa nini. Bi. Kadzo hakujua kusoma. Alikuwa amekaa kwenye benchi na tangazo la kumfukuza kwake liko shubiri mbili juu ya kichwa chake. Nikamwendea Karani Mkuu.

"Bwana, huyu mama yuko ndani ya siku thelathini. Nimpe fomu ya pingamizi?"

"Ana karatasi?"

"Hana. Ndiyo anayoitafuta."

"Pingamizi la nini bila karatasi? Alete karatasi kwanza. Mwambie arudi Jumatatu."

Uongo mtupu! Sheria haikusema hivyo. Mjane yule alikuwa na haki ya kupinga kwa mdomo wake na minyaa yake, karatasi ingekuja baadaye. Nami nilijua. Nilikuwa nimeipiga chapa fomu ile kwa mikono yangu mara ngapi sijui. Lakini nilitazama zile kalamu tatu, nikatazama chini, nikatoka nikamwambia, "Mama, rudi Jumatatu."

Mtaniuliza kama Karani Mkuu alihongwa na Kahindi. Hakuhongwa. Wallahi laiti angehongwa, ningeelewa, ningemwita mwizi nikalala usingizi. Hakuchukua hata ndizi. Alikuwa haoni tu kwamba aliyesimama dirishani ni mtu. Na uvivu wa namna hiyo hauna kesi, hauna jela, mwenyewe hustaafu akapewa saa ya ukutani.

Bi. Kadzo akarudi Jumatatu. Siku thelathini zikaisha, Kahindi akapewa hati. Hapo sheria ilikuwa bado imemwachia mama mlango, maana baada ya hati kutolewa hupita miezi sita kabla ya kuthibitishwa na mali kugawanywa. Ndani ya miezi sita ile alikuja mara nyingine mbili, kila mara kwa lori la chumvi. Kila mara nilitazama droo ile ile ya K, kana kwamba kadi huota kama uyoga. Na kila mara nilimpa chai.

Mara ya tano alikuja bila leso ya pili. Hakuja dirishani, alisimama mlangoni.

"Wamebomoa," akasema.

Kahindi alikuwa amethibitishiwa hati, shamba akaliuza lote kwa tajiri mmoja mgeni, na huyo akaja na vijana na shoka. Karani Mkuu alikuwa akipita na kikombe chake mkononi. Akasimama, akasema yale maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka masikio hunipata moto:

"Lakini mama, huyo mkweo alikuwa nani hata aandikwe na serikali? Mgiriama wa porini!"

Bi. Kadzo hakuwa mtu wa makelele. Siku ile alipiga kelele. "Wa porini? Wa porini? Mkwe wangu alizikwa na watu wa Mambrui! Walikuja watu wa msikiti na kanzu zao, wakamkosha, wakamvika sanda. Wakaja na jeneza zuri, la kitambaa cha kijani. Sisi tukadhani atazikwa nalo. Wakamlaza mchangani na jeneza wakarudi nalo tupu! Mpaka leo watu wa kwetu hucheka, wasema Katana alinyang'anywa sanduku. Wa porini, we!"

Jeneza limerudi tupu. Mtoto wa Malindi, niliyeyaona majeneza yakirudi msikitini tangu utotoni, nikaiacha meza nikamwendea.

"Mama," nikasema, "mkweo alikuwa Mwislamu?"

"Alisilimu kwa maradhi. Aliugua, mganga akasema pepo wake ni wa Kiislamu, wanataka asilimu. Akasilimu yeye na wanawe wawili wadogo, akapona. Alipokufa yeye, wanawe wakairudia mila, hayo majina mengine yakasahaulika."

"Aliitwa nani?"

"Salim. Salim bin Abdalla."

Lo! Nusu ya watu waliosilimu pwani hii ni bin Abdalla. Na aliyewaita akina Charo akawaandika kitabuni hakuwa mwingine ila mudiri. Nikamwacha amesimama. Nikaenda kwenye kikorido. Sufuria ilikuwa ikitokota. Nikazima moto, nikaiweka chini ikanimwagikia mguuni wala sikusikia. Nikaondoa jiko, nikaondoa bati, nikashika kitabu cha juu. Hakumo. Cha pili, hakumo. Cha tatu, jalada lake lilikuwa limenyauka kwa joto na kurasa zimeshikana. Nikazibandua kwa kucha moja moja. Na hapo nikaona, kwa wino mweusi ulio wazi kama ulioandikwa asubuhi ile: shamba la marehemu Salim bin Abdalla, Mgiriama, aliyekuwa akiitwa Katana, limegawiwa wanawe wawili mbele ya mashahidi, Juma ndiye Charo upande wa bahari, Ali ndiye Kahindi upande wa barabara, na mpaka ni minyaa.

Majina yote mawili mudiri aliyaandika. Mtu yule alifanya kazi yake! Alijua kwamba siku moja atakuja mtu anayejua jina moja tu. Sisi ndio tulioshindwa hata kufunua.

Nikambebea Karani Mkuu kitabu mpaka mezani kwake. Akakitazama kama nimemletea mzoga.

"Kifunge," akasema kwa sauti ya chini. "Mambo yameshathibitishwa. Na ukikipeleka kwa Hakimu atakuuliza kilikuwa wapi. Utamjibu nini, Bi. Mariamu?"

Nilikipeleka. Hilo nililifanya, mniandikie. Hakimu alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akamwita Kadhi aje asome, na Kadhi akasoma ukurasa ule mara mbili, akavua miwani yake, akasema: "Hapana shaka yoyote. Hii ni hukumu kamili." Hakimu akaagiza shauri lisikizwe upya. Siku ya kusikizwa akauliza mbele ya wote: "Kitabu hiki kilikuwa wapi muda wote huu?"

Karani Mkuu akawahi. "Stoo, mheshimiwa."

Hakimu akanitazama mimi. Nikanyamaza.

Shauri likasikizwa, na Bi. Kadzo akashindwa. Hakimu alieleza pole pole, na mkalimani akamtafsiria: Kahindi alidanganya, hati yake inabatilishwa. Lakini aliyenunua alinunua kwa nia njema kutoka kwa mtu mwenye hati ya serikali, na sheria inamlinda. Kahindi ndiye wa kumdai. Na Kahindi alikuwa ameshatokomea, wengine wasema Tanga, wengine wasema Mombasa. Tajiri akazungushia shamba seng'enge, minyaa ikang'olewa, na kaburi la Charo likabaki ndani. Kadhi akalia siku ile. Karani Mkuu akaenda kula.

Wiki mbili baadaye nilichukua ruhusa nikaenda Adu, kwa kaka yake Bi. Kadzo, alikopewa chumba. Nilikuwa nimempigia chapa nakala ya ukurasa ule kwa herufi za kizungu, ikapigwa muhuri. Sijui niliipeleka ya nini. Nadhani nilitaka anishukuru tena. Nilimkuta akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikampa ile karatasi. Akapangusa mikono kwanza, akaishika, akaniuliza jina la mumewe liko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akakiweka kidole chake juu ya jina.

"Hiki kitabu kilikuwa wapi?" akaniuliza.

"Ofisini, mama."

"Ofisini wapi? Mimi nilikuja mara tano."

Mbele ya Hakimu nilinyamaza. Mbele ya yule mama sikuweza. "Chini ya jiko," nikasema. "Nilikuwa nachemshia chai juu yake."

Hakupandisha sauti. Nilitamani apandishe, nilitamani anitupie gunzi usoni.

"Ile chai ulonipa?"

"Ile, mama."

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye pindo la leso, akafunga fundo.

"Nilikunywa," akasema. "Siku ya kwanza vikombe viwili. Nikakuombea na dua."

Akarudi kwenye mahindi yake. Nikakaa pale mpaka mtu wa baiskeli aliyenileta akaja kunichukua. Alifariki kabla sijapata ujasiri wa kurudi.

Yaliyobaki ya kazi yangu nitayasema kwa ufupi. Niliporudi kituoni, jiko nililiweka sakafuni, masika yalitie maji yapendavyo. Vile vitabu vitano nikavifungia kabati, na kila siku baada ya saa za kazi nikawa nasoma ukurasa mmoja na kuandika kadi. Juu jina la kuzaliwa, chini jina la kusilimu au la ubatizo, kisha alikozikwa na waliomzika. Ilinichukua karibu miaka mitatu. Karani Mkuu alinicheka, aliniita Bibi wa Maiti. Mwache anicheke. Kwa kadi zile wajane wanne na mayatima siwahesabu waliweka pingamizi ndani ya siku thelathini, na wakabaki kwao. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa Bi. Kadzo.

Kisha nikahamishwa kituo cha tatu, nikapanda cheo, nikazeeka. Siku ya kuniaga walinifanyia tafrija. Mkubwa wangu wa wakati huo alisoma hotuba, akanisifu kwa utumishi uliotukuka, nikapewa saa ya ukutani. Mnaona? Hata mimi. Walialikwa makarani wa vituo vingine, na kutoka kile cha pili walikuja vijana wawili, nadhifu, wana adabu, shikamoo zao zimekamilika. Mmoja akaniletea chai ya tangawizi kwa mikono miwili.

Nikawauliza: "Haya wanangu, na vile vitabu vyangu vitano vya mudiri vi hali gani? Na kadi zake? Mnavitumia?"

Wakatazamana. Aliyeniletea chai akatabasamu, kwa heshima kabisa.

"Vitabu gani, mama?"

Kikombe kilikuwa kimeshafika mdomoni. Nikakirudisha mezani, nikavaa viatu vyangu, nikamwambia dereva wa ofisi anipeleke kituo cha pili, sasa hivi, na nguo zangu za sherehe, nikatazame chini ya ngazi.